Mfuko wa Ndani wa Koti

Kwa kuomba, mimi nilikuwa sina mpinzani. Sijivuni, ushahidi upo: kanisani waliniita Jenereta. Nikishika maikrofoni, watoto waliolala wanaamka, spika zinapiga mluzi, na wale akina baba wa viti vya nyuma wanaacha kuangalia saa. Ndiyo maana nilipomaliza kidato cha nne na kuanza kazi kwa shangazi yangu, nikaingizwa kwenye kikundi cha maombi bila hata usaili.

Kazi yetu ilikuwa nyepesi kueleza. Mlangoni mwa kanisa kulikuwa na sanduku la mbao. Mwenye shida aliandika ombi lake, akaikunja karatasi, akaibana kwa pini ya stepla asije akaisoma mpita njia, akaitumbukiza. Kila Jumapili sisi watu sita tuligawana. Kila kikaratasi kilikuwa na mwombaji mmoja tu: unakifungua ukiwa peke yako, unakiombea siku saba, kisha unakichoma.

Mimi vyangu niliviweka mfuko wa ndani wa koti la Jumapili. Vingine vikafuata. Na vingine.

Sikuwa mhuni, naomba nieleweke. Nilianza vizuri. Ila kuna asubuhi moja nilipiga magoti, nikasema sentensi mbili, ya tatu nikajikuta nawaza mechi ya jana. Kesho yake niliishia sentensi moja. Baada ya mwezi nikawa namwambia Mungu, "Wewe si unajua," halafu navaa viatu. Ndani palikuwa pakavu kama bomba lililokatiwa maji: unafungua, linakoroma, hakitoki kitu. Lakini Jumapili nikipewa maikrofoni, mdomo ulikuwa unaijua njia wenyewe. Nikanguruma. Watu wakalia. Nani ataitilia shaka jenereta inayonguruma?

Shangazi alikuwa dobi. Duka lilikuwa na vyumba viwili: nyuma mabeseni na kamba, mbele meza ya pasi na rafu. Kila nguo iliyoingia aliikagua mifuko kabla haijaguswa na maji. Alichokikuta alikitia kwenye bahasha, akaifunga, akaandika juu yake namba ya mteja. Halafu nguo yenyewe akaibania kikaratasi cha njano chenye namba ile ile. Bunda la karatasi hizo za njano lilikaa kando ya pasi, na mtaa mzima hakuna mwingine aliyekuwa nazo.

Tena alikuwa anaimba. Miaka kumi na moja alishika ufunguo wa chumba cha maombi cha akina mama, na akipiga pasi aliimba pambio moja mpaka shati limalizike. Mwaka ule akanyamaza. Ikabaki pasi tu, ikifoka mvuke.

"Shangazi, betri zimeisha?" nikamtania siku moja. "Nikuletee chaji?"

Alicheka kidogo, kwa adabu tu. "Nikuulize, Jenereta. Wewe ukiomba, unasikia kuna mtu upande wa pili?"

Hapo ningeweza kusema, "Hata mimi sisikii." Maneno matatu. Hayana hata jasho. Badala yake nikavimba.

"Mimi? Shangazi, laini yangu haijawahi kukatika! Wewe utakuwa umepunguza kufunga. Funga siku tatu, kavu, halafu uone."

"Nimefunga saba." Akaigeuza kola, akaikandamiza. "Siumwi. Sijagombana na mtu. Hakuna ninachokificha. Nimechoka tu. Zamani nikisema 'Baba' nilikuwa nasikia joto hapa kifuani. Sasa nasikia sauti yangu ikinirudia. Nataka tu nijue kama hiki ni kipindi na kitapita, au ndiyo basi tena."

"Basi tena ya wapi! Wewe ni kiwanda cha maombi!"

Hakucheka. Akauliza kwa sauti ya mtu anayeulizia sabuni: "Vile vikaratasi mnaviombea kweli?"

"Saa kumi na moja alfajiri, kimoja kimoja. Magoti yameota sugu, nikuonyeshe?"

"Hata visivyo na jina?"

"Hivyo ndivyo ninavyoanza navyo."

Akaitikia kwa kichwa, akarudi kwenye shati lake. Jumapili iliyofuata tuligawana kama kawaida. Nilipokea vyangu huku namtania mpiga kinanda, nikavisukumiza mfukoni bila kuvitazama.

Wiki tatu zikapita. Nilianza kuona kwamba Shangazi, katikati ya kazi, anaiinua pasi na kuishikilia hewani, kichwa kimeinama upande, kama mtu aliyesikia hodi.

"Unasubiri mgeni, Shangazi?"

"Nasubiri, ndiyo."

Nikacheka. Niliona ni utani mzuri, nami nilikuwa sipitwi na utani.

Jumamosi moja alinituma nipeleke mashuka nyumba ya wageni. Njiani nikamkuta mzee wa kanisa anafagia mbele ya lango. Akasimamisha ufagio.

"Shangazi yako anaumwa?"

"Hapana, mzee. Mzima kama chuma."

"Amenirudishia ufunguo asubuhi hii. Anasema apewe mwenye nguvu." Akapangusa uso. "Nikamwambia, mama, ukame huo tunaupitia wengi. Mimi mwenyewe nilikaa miaka miwili naomba kwa kusoma kitabuni kama mtoto wa darasa la kwanza, mpaka siku moja nikaona kumechipuka tena. Nikamsihi asubiri. Akasema, 'Mzee, nimesubiri. Nimeombewa na watu wenye moto, na jibu limekuja, nalo ni kimya.'" Akanitazama. "Na wewe unaishi naye. Hukuona anavyopungua?"

Nikasema nitaongea naye. Nikakanyaga baiskeli huku natunga mzaha wa kumchangamshia, kitu kuhusu dobi aliyejisahau kwenye beseni.

Nilipoingia dukani, koti langu la Jumapili lilikuwa limetundikwa, limenyooshwa mikono mpaka imesimama. Siku zote nilikuwa nalipiga pasi mwenyewe.

"Nilikunyooshea," Shangazi akasema. "Niliona, hata kama mimi sikujibiwa, kuna mmoja wenu ameamka alfajiri kwa ajili yangu. Sijui ni yupi, na wengine siwafikii. Wewe nikasema angalau koti."

Alikuwa amekagua mifuko. Bila shaka. Mezani kulikuwa na bahasha imeandikwa "Jenereta", ila safari hii haikufungwa. Mbele yake vikaratasi vyangu vilipangwa mstari, kila kimoja na pini yake, pini nyingine zimeanza kutu. Vyote vyeupe, vya daftari. Kimoja cha njano.

Rangi ile niliishika kila siku ya kazi. Ningekitupia jicho mara moja tu, ningejua.

"Shangazi, hivyo ni vile ambavyo..."

"Ambavyo nini?"

Nikautafuta mzaha. Haukuwahi kunikimbia, lakini siku ile haukuja.

Akakichukua cha njano, akaing'oa pini kwa ukucha, akakikunjua. Mwandiko wenye mikia mirefu, ule ule wa kwenye kila shati. Hakunipa nisome.

"Wiki tatu," akasema polepole, "nimesimama hapa nikiamini Mungu ameulizwa habari zangu, akakataa. Kumbe hakuulizwa."

Pasi ilikuwa inafoka peke yake. Hapo ndipo nikayatoa yale maneno matatu, yamechelewa, tena kwa sauti ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kanisani.

"Hata mimi sisikii."

Akaniangalia jinsi anavyoliangalia doa kabla ya kuamua kama litatoka.

"Tangu lini?"

"Kabla yako, Shangazi. Zamani."

Akakikunja tena kile kikaratasi, kwa mikunjo yake ile ile.

"Kwa hiyo siku ile nilipokuuliza ulikuwa unajua," akasema. "Ukanicheka."