Mwandishi wa Kwanza

Daktari kijana aliuguza vidonda vya moto mpaka akaviandikia makala. Kabla haijaenda kwenye jarida la utabibu, mkuu wa idara, asiyejua hata mlango wa wodi uliko, akajipachika mwandishi wa kwanza.

"Mwanangu, mwenye kiti ndiye mwenye neno."

Daktari akaituma hivyo hivyo.

Jarida likamrudishia mwandishi wa kwanza maswali ya wahakiki: vidonda vilioshwa kwa dawa gani, na bandeji zilibadilishwa vipi? Mzee wa watu akatokwa jasho, akamwita daktari mbio.

"Binti yangu, hivi sisi tuliosha kwa dawa gani?"

"Sisi na nani, mzee?"

"Basi, jina lako litangulie."

"Litatangulia. Nawe nitakushukuru mwishoni mwa makala, kwa kukalia kiti."