Diski Mbili, Kitambulisho Kimoja

Mstari wa kijani kwenye skrini ulibakiza upana wa ukucha kufika mwisho, na fundi hakuuondolea macho. Picha ya diski nzima, yaani nakala ya kila kilichomo, ile aliyoichukua jana kabla diski ya zamani haijazidi kugonga, ilikuwa inarudishwa kwenye diski mpya. Ubavu wa kompyuta ulikuwa wazi, waya zikining'inia nje.

"Shemeji, ukiikodolea hivyo itaona haya," alisema mume wa dada yake, akipangusa vumbi la nyuzi kwenye mashine yake ya kudarizi.

"Acha ione. Labda itafanya haraka."

Shemeji alicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Maji yalikuwa yamemfika shingoni. Kompyuta ile ilibeba mifumo endeshi mitatu: wa zamani, ambao ndio pekee mashine ya kudarizi iliusikiliza, mpya, wa barua na hesabu, na wa tatu, aliouweka mkewe kwa masomo yake. Waliotengeneza programu ya kudarizi walishafunga ofisi kitambo. Maua na nembo zote alizochora tangu aache kuajiriwa zilikuwa humo. Mfumo wa zamani usipowaka, angerudi kwa bosi wake wa zamani kuomba kiti.

Mstari ukafika. Fundi akawasha upya. Orodha ya mifumo mitatu ikatokea, akachagua wa zamani. Skrini ikawa nyeusi, ikaganda.

"Imekufa?"

"Inawaza."

Akajaribu tena, ikawa vilevile. Angeweza kuirudisha picha upya, lakini hakupenda kurudia jambo kabla hajajua limekosea wapi.

"Hebu zima feni."

Chumba kikatulia. Akategesha sikio kwenye ule ubavu wazi, akawasha.

Tik. Tik. Tik.

Diski mpya haikuwa na kitu kinachozunguka ndani. Isingegonga hata kwa kulazimishwa. Iliyogonga ni ile ya zamani, aliyoiacha imeunganishwa kwa tahadhari, pengine angeihitaji tena.

"Kumbe ni mimi," alisema polepole. "Picha imebeba kila kitu, mpaka namba ya utambulisho. Sasa diski mbili zina kitambulisho kimoja. Kompyuta inaita, anaitika mgonjwa."

"Si umchomoe huyo mgonjwa?"

"Nikimchomoa huenda asiamke tena."

Shemeji akasogea karibu. "Na ile picha bado unayo?"

"Ipo, kwenye diski ya nje."

"Basi mwache apumzike."

Fundi akachomoa waya wa diski ya zamani, akawasha. Skrini ikawa nyeusi, kisha ikafunguka rangi ya bluu iliyopauka ambayo shemeji aliijua kama kiganja chake. Alitafuta ua la kwanza alilowahi kuchora, lenye petali moja iliyopinda, akabonyeza. Mashine ikanguruma, sindano ikashuka.

Petali ikatokea kitambaani, imepinda palepale.

"Hata makosa yangu yamerudi," alisema, na sasa kicheko chake kilijaa chumba kizima. "Shemeji, wewe ni noma."

Fundi akashusha pumzi. Mfumo wa pili nao ukawaka bila maneno. Wa tatu ulionyesha kijistari kinachopepesa, basi.

"Huo ni wa dada yako. Atanila mbichi."

"Mwambie mfumo wake umelala, usisumbuliwe." Akazitia skrubu kikombeni, akaacha ubavu wazi. "Kesho naanza na huo."

Nyuma yake mashine ilikuwa imeshaanza ua jingine.