Kisigino Kikigusa Chini

Ulimwona, na usijitie hamnazo. Alipitishwa mbele ya kibaraza chako mchana kweupe, mtoto wa farasi wa kahawia, aliyeachishwa ziwa juzijuzi, kafungwa kamba nyuma ya mkokoteni. Mguu wa mbele wa kulia aliukanyagia ncha tu, kama anayenyata kwenye nyumba yenye mgonjwa. Watoto walimwita Bibi Harusi, maana alitembea kama mtu aliyebanwa na viatu vipya. Ukacheka nao. Kisha ukakumbuka una sufuria jikoni, ukaingia ndani. Ndivyo ulivyo. Uliikumbuka sufuria hiyohiyo siku farasi mzee alipoanguka na mzigo wa saruji pale kwenye kona, na siku mjane wa mlinzi alipotupiwa godoro lake nje. Hakuna kilichosahaulika.

Mtaa mzima aliyebaki nje ni mmoja, fundi viatu wa kibanda cha kona. Aliiacha sindano ya shazia ikining'inia kwenye soli ya kiatu cha mteja, akatoka na aproni yake. Mkokoteni ulikuwa ukiendeshwa na mdogo wake wa tumbo moja, mtunza farasi kwenye yadi ya Tajiri, mwenye mikokoteni.

"Unampeleka wapi huyu?"

"Dada, usiniulize." Mdogo mtu aliyakazia macho masikio ya farasi anayevuta. "Lori la machinjioni linamsubiri yadini. Tajiri kasema halishi kilema."

"Sogea nikae."

"Nitafukuzwa kazi, dada!"

"Sogea, nimesema."

Yadini, Tajiri alicheka mpaka akajifuta macho. "Fundi, wewe wa viatu au wa farasi?"

"Kiatu ni kiatu. Huyu kinachomtesa ni kile alichozaliwa nacho."

"Haya, mchukue, tuone. Lori likirudi mwezi ujao nitapita nalo kwako. Kisigino kikiwa kinagusa chini, ni wako. Kikiwa bado kinaning'inia, anapanda."

Nyuma ya kibanda palikuwa na uwanja mdogo wa udongo mgumu. Fundi alimfanyia Bibi Harusi kile anachomfanyia kila mteja: alipaka dawa nyeusi ya viatu chini ya ukwato, akamkanyagisha kwenye kadibodi ili aone uzito unaangukia wapi. Ikatoka alama nyembamba kwa mbele, kama mwezi mwandamo. Nyuma yake, peupe. Akaitundika kati ya vipande vya ngozi.

Alasiri, jua lilipenya kwenye matundu ya misumari ya bati, vumbi la ngozi likaelea ndani ya miale kama poda ya dhahabu. Mtoto wa farasi alisinzia wima kando ya rafu ya viatu ambavyo wenyewe hawakuvirudia, na fundi akasinzia na kiatu mapajani. Akaviona vile viatu vikishuka rafuni taratibu, kimoja kimoja, vikajipanga nyuma ya farasi, vikatoka kwenda barabarani bila miguu ndani yake, na hata kimoja hakikuchechemea. Alipofumbua macho, pumzi ya joto ilikuwa shingoni mwake, na hakujua nani alikuwa akimwota mwenzake.

Basi akaanza kazi. Aliona pengo chini ya kisigino, akafanya ambacho fundi viatu yeyote angefanya: akalijaza. Alikata mpira wa tairi tabaka kwa tabaka, akaubandika kwa gundi, akafunga bendeji. Bibi Harusi akasimama imara. Mtaa ukapiga makofi. Na wewe ulipiga, nyuma ya pazia.

Lakini alipobandua mpira ili achukue alama mpya, ule mwezi ulikuwa umekonda zaidi. Ukano wa nyuma ya mguu ulikuwa umekaza kama waya wa kuanikia nguo.

Mdogo wake akamleta daktari wa mifugo, mama wa makamo mwenye buti za mpira. Aliupapasa ule mguu kutoka gotini mpaka ukwatoni.

"Mwanangu, mkono wako mzuri. Ila umemshonea kiatu cha binadamu."

"Nimemjazia pengo, mama."

"Ndilo kosa. Kisigino umekipa kiti, sasa kitashuka kwenda wapi? Refusha kiatu kwa mbele, kimzuie kupinda, ukano uvutike. Mimi nitakuwa nakuja kumpunguza kisigino kidogo kidogo. Nafaka mpunguzie, mifupa inakua haraka kuliko kano zake. Na jiandae, kutamuuma."

Fundi akaumeza uchungu wake, akatengeneza kiatu chenye mdomo wa bata. Kila alfajiri, ukungu ukiwa bado umelalia mapaa, alimtembeza barabarani. Ko, kwaa. Ko, kwaa. Wewe uliisikia usingizini ukadhani ni ndoto, ukageukia upande wa pili. Bibi Harusi alipogoma, aliegemeza kichwa begani kwa fundi, nao wakasimama hivyo, wasionekane, wingu jeupe tu lenye masikio. Fundi alimtukana Tajiri, akautukana mtaa, akalitukana lori na aliyelizaa.

"Dada, farasi anasikia," mdogo wake alisema.

"Asikie! Awajue mapema."

Kisha asubuhi moja ile sauti ikabadilika. Ko, ko. Fundi hakuthubutu kutazama chini. Na kabla hajathubutu, lori likakunja kona.

Tajiri alishuka, injini ikiunguruma. Fundi hakumsalimu. Alimvua Bibi Harusi kile kiatu, akapaka dawa nyeusi, akatandika kadibodi miguuni pa Tajiri. Mtoto wa farasi akakanyaga, akapita. Mwezi mpevu, mweusi, kamili mpaka nyuma.

Tajiri akainama, akaitazama. "Haya, wako," alisema. "Lori halirudi tupu hata hivyo." Akapanda kando ya dereva.

Ndipo fundi alipoona, katikati ya mbao za lori, mtoto wa farasi mwingine, jike, mweusi, amesimama kwa ncha.

Fundi amelidaka lango la nyuma kwa mikono yote miwili. Mdogo wake kashika mkono mmoja wa Tajiri dirishani, kazi yake ndiyo hiyo inakwenda. Lori linaanza kusogea. Na mlango wa dereva uko upande wako, wewe uliye kibarazani, hatua chache tu. Iache sufuria iungue. Shuka. Fungua mlango, zima injini. Sasa hivi.