Vituo Ambavyo Treni Haikufika

Wiki ile treni ya abiria ilipoacha reli kwenye mteremko na kutumbukia bondeni, nchi nzima ilikosa la kusema. Bendera zilishushwa nusu mlingoti. Redio zilizozoea kutuamsha kwa makelele zikawa zinapiga muziki wa taratibu usio na maneno, na hata wauza magazeti waliyanyoosha kwa watu kimyakimya. Waliokufa walikuwa mamia. Ilikuwa vigumu kupata mtaa usiokuwa na msiba.

Mimi ni karani wa mizigo stesheni, na jioni naimba besi katika kwaya ya wafanyakazi wa reli. Sisi wa besi tunajulikana kwa kuchelewa: tunachelewa mazoezini, na tukishafika tunachelewa kuingia kwenye wimbo. Lakini walikuwepo wanawake wawili ambao hata sisi tukiwasikiliza tulipata njia. Mmoja alikuwa nesi wa zahanati ya reli, sauti ya kwanza. Mwingine alikuwa fundi cherehani, sauti ya pili. Walisimama bega kwa bega miaka na miaka, wakivuta pumzi pamoja kama watu waliogawana pua moja.

Binti wa mwisho wa Nesi alikuwa kwenye behewa la kwanza, akirudi chuoni. Aliyekuwa anaiendesha treni ile alikuwa mume wa Fundi. Wote wawili waliishia bondeni.

Mazishi hayajaisha, maneno yakaanza. Dereva alikuwa amelewa. Dereva alikuwa anaongea na simu. Tume ya uchunguzi ilikuwa haijakaa hata kikao cha kwanza, lakini mitaani hukumu ilishatoka. Mtu akaandika MUUAJI kwa rangi nyekundu kwenye ukuta wa nyumba ya Fundi. Wateja wake wakaja mmoja mmoja kuchukua vitambaa vyao kabla havijakatwa, wakisema wameghairi, macho yao chini. Shemeji yake akamsihi ahamie kwa ndugu mpaka mambo yapoe.

"Nikiondoka watasema nimekimbia," alimjibu. "Na kweli nitakuwa nimekimbia."

Ndipo tukaitwa. Kungekuwa na siku ya maombolezo ya taifa, uwanja wa mpira, matangazo ya moja kwa moja, na kwaya ya reli ndiyo ingeimba. Mwalimu wetu wa kwaya, mzee mkali anayecheka pale tu anapokosea yeye mwenyewe, alikuwa ametunga wimbo mpya. Wimbo ulitaja vituo vyote vya njia ile ya reli kwa mpangilio wake, tangu pale treni ilipoanzia safari. Kwaya nzima ingeimba mpaka kituo cha mwisho ilichopita. Hapo tungenyamaza, na sauti mbili tu zingeendelea na vituo ambavyo treni haikufika.

Mazoezi ya kwanza, Fundi alikuja. Nesi hakuja. Fundi alisimama mahali pake pa siku zote, akaacha nafasi tupu kushoto kwake, na hakuna aliyethubutu kuijaza. Kipaza, mwimbaji wetu wa sauti ya tatu, tuliyempa jina hilo kwa sababu hajawahi kunong'ona tangu azaliwe, ndiye aliyesema kilichokuwa kwenye koo za wengi.

"Mwalimu, tusidanganyane. Watu wamezika watoto. Leo tuwapandishie mke wa dereva mbele ya macho yao?"

"Na sauti ya pili ataimba nani?" Mwalimu aliuliza. "Wewe?"

Hakuna aliyecheka. Fundi alikuwa ameshika mkoba wake kwa mikono yote miwili.

"Kaka Kipaza hajakosea," alisema. "Mkisema nitoke, natoka. Ila mniambie hapa hapa, msinitumie mtu."

Mwalimu alifunga kinanda. "Mwenye msiba ndiye atakayesema," alisema, kisha akanigeukia. "Karani, nenda kwa Nesi."

Sijawahi kutumwa kazi nzito kama ile. Nilimkuta Nesi sebuleni, amevaa sare zake za kazini ingawa alikuwa likizo. Nilizungukazunguka, nikamsalimia mara mbili, nikaulizia maji ya bomba kama yanatoka.

"Karani, sema ulichotumwa," alisema.

Nikasema. Alifungua na kufunga kifungo cha sare yake mpaka nikaanza kutafuta mlango kwa macho.

"Mwambie Mwalimu nitaimba," alisema mwishowe. "Huyo mwingine asimame anapotaka kusimama. Ila asiniangalie."

Kulikuwa na shida nyingine ambayo hakuna aliyeifikiria. Tulitakiwa tuvae sare mpya, nyeusi, na sare zetu zote tangu zamani anashona Fundi. Kitambaa nilikipeleka mimi. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la dukani kwake, nikisubiri suruali yangu ipunguzwe, Nesi alipoingia kupimwa. Akasimama katikati ya chumba, akanyoosha mikono pembeni kama mtu anayekaguliwa na polisi.

Nilitaka kutoka. Nesi akasema, bila kunigeukia, "Kaa."

Fundi alichukua futi ya kupimia akaizungusha kiunoni mwa Nesi. Kilichosikika ni chaki tu ikikwaruza kitambaa. Alikuwa na pini midomoni, na nadhani alizishukuru zile pini.

"Umepungua," alisema alipozitoa.

"Na wewe."

Akaanza kubandika kipande cha mgongo, pini baada ya pini. Nesi alikuwa anautazama ukuta.

"Siku ile, mumeo alipotoka nyumbani," Nesi alisema, "alikuwaje?"

Mikono ya Fundi ilisimama. Angeweza kusema alikuwa mzima. Angeweza kusema hakumwona akitoka. Mimi mwenyewe, pale kwenye benchi, nilikuwa nimeshamtungia majibu mazuri.

"Alikuwa amechoka," alisema. "Alitoka zamu, hata usingizi haujakolea, wakampigia simu arudi. Mwenzake alikuwa anaumwa."

"Na ukamwacha aende."

"Nilimwamsha mimi. Simu ilimpita, hakuisikia. Nikamtikisa bega. Nikamwambia, amka, kazini wanakuita."

Nesi alitembea moja kwa moja mpaka mlangoni akatoka, kipande cha kitambaa cheusi kikiwa bado kimebandikwa mgongoni kwake kwa pini. Tulimwona akivuka barabara hivyo hivyo, pini ziking'aa juani. Fundi aliketi kwenye kiti cha cherehani, akaanza kukanyaga wakati hakukuwa na kitambaa chini ya sindano.

"Kwa nini umemwambia?" nilimuuliza.

"Aliniuliza."

Kesho yake kipande kile kililetwa na jirani, kimekunjwa vizuri, na pini zote ziko mahali pake. Hakikuja na ujumbe. Fundi alikishona. Sare nikaipeleka mimi, nikaiacha kwa mlinzi wa zahanati, nikarudi bila kujua kama siku ya maombolezo tutakuwa na sauti mbili, moja, au hakuna.

Siku yenyewe uwanja ulijaa mpaka kwenye ngazi. Familia za marehemu zilikaa mbele kabisa, kwenye viti vilivyopangwa juu ya nyasi, wengi wakiwa wamepakata picha. Mkuu wa nchi alikuwa jukwaani na suti nyeusi. Watu wengi kiasi kile na kimya kiasi kile, ilitisha. Tulipanga mistari. Nesi alifika wa mwisho, amevaa sare yake, akasimama mahali pake bila kumsalimia mtu. Kati ya bega lake na bega la Fundi kulikuwa na nafasi ya kupitisha mkono.

Mwalimu alikuwa hajainua mkono bado, nikasikia sauti ya mwanaume kutoka kwenye viti vya familia. Hakupiga kelele. Alisema kama mtu anayemwonyesha mwenzake kitu.

"Yule pale ni mke wa dereva."

Maneno yale yalisambaa kiti kwa kiti, yakapanda ngazi. Minong'ono ikawa mngurumo. Mwanamke mmoja alisimama akageuza picha yake ituangalie sisi. Chupa ya maji ikarushwa, ikaanguka karibu na miguu ya Fundi na kumlowesha pindo la sketi. Hakusogea. Nilimwona Kipaza akilamba midomo; kwa mara ya kwanza hakuwa na la kusema.

Afisa mmoja wa shughuli, kijana mwenye redio ya mawasiliano mkononi, alikuja mbio mpaka kwa Mwalimu.

"Mzee, huyo mama ashuke sasa hivi. Tuko hewani. Hawa watu wakiamka hapa hatuwawezi."

Mwalimu alifungua mdomo, lakini Fundi alishaanza kugeuka. Aliinama kidogo, kama mtu anayepita mbele ya wakubwa, akainua mguu kutafuta ngazi. Hapo Nesi akamkamata mkono wa sare, juu ya kiwiko. Hakumwangalia. Alikuwa anamwangalia yule afisa.

"Anakwenda wapi?"

"Mama, ni kwa usalama wake."

"Bila sauti ya pili mimi siwezi kushika wimbo," Nesi alisema. "Binti yangu yumo kwenye hizo picha. Haimbiwi nusu wimbo."

Afisa alitazama redio yake kana kwamba jibu lingetokea humo. Mwalimu hakumpa nafasi, akainua mkono.

Tulianza vibaya, lazima niseme. Besi tuliingia mapema kwa hofu, sisi tulioingia mapema kwa mara ya kwanza maishani, na watu walikuwa bado wananguruma. Tukaimba kituo cha kwanza, stesheni yetu kubwa. Tukaimba kile cha karibu na kiwanda cha saruji. Tukaimba kile kidogo chenye benchi moja ambapo treni husimama akiwepo mtu wa kushuka. Hapo, upande wa kulia, mzee mmoja akasimama na picha yake. Alisimama tu, kofia mkononi. Tulipotaja kituo kilichofuata, familia nzima ikasimama. Hakuna aliyewaambia. Kila kituo kilipoitwa, watu wake waliinuka kutoka kwenye viti na ngazini, na mngurumo ukapungua kila waliposimama, kwa sababu kila mtu alikuwa anasikiliza asipitwe na kituo chake.

Tukafika kituo cha mwisho kabla ya mteremko, tukanyamaza.

Sauti mbili zikaendelea. Ya Nesi ilikuwa juu, kavu kidogo. Ya Fundi ilikuwa chini yake, ikiishikilia. Walitaja kituo cha kwanza ambacho treni haikufika, na kina mama waliokuwa wamewasubiri watoto wao pale siku ile wakasimama wakilia. Kwenye cha pili sauti ya Fundi ilikatika. Haikutetemeka, ilikatika kabisa, na ya Nesi ikabaki peke yake juu ya uwanja mzima.

Nesi aligeuka akamwangalia usoni, waziwazi. Akashuka. Aliiacha sauti yake, akachukua ya Fundi, akaiimba taratibu mpaka Fundi alipoipata tena. Halafu akapanda kurudi kwake, na wakaenda pamoja mpaka mwisho wa reli.

Watu hawakupiga makofi. Yule mwanamke wa picha alikuwa ameigeuza, ameikumbatia.

Nyuma ya jukwaa niliwakuta wamesimama mbalimbali, wakikunja karatasi zao.

"Usije kwangu bado," Nesi alisema.

"Sawa, dada."

"Nikiweza nitakuja mwenyewe. Sijui lini."

Ripoti ya tume ilipotoka, haikumpa mtu raha. Breki za mabehewa zilikuwa mbovu na zilisharipotiwa. Dereva alikuwa amefanya zamu mbili mfululizo. Na alipoanza kushuka mteremko, mwendo ulikuwa tayari mkubwa kuliko unaoruhusiwa. Kila mtu alichukua kipande alichokitaka. Lakini wimbo ulishatoka mikononi mwetu. Uliimbwa masokoni na kwenye majukwaa ya stesheni, na wapakiaji wangu wa mizigo waliuimba wakibeba magunia, wakiharibu sauti ya pili bila huruma.

Nesi alikwenda dukani siku moja mchana. Fundi mwenyewe ndiye aliyenisimulia. Nesi aliingia akaketi kwenye benchi, akaomba maji, akanywa, na cherehani ikaendelea mpaka mshono ukaisha. Kisha akauliza, "Mumeo naye alikuwa anaimba?"

"Hata kidogo. Alikuwa anapiga mluzi. Vibaya sana, tangu akiamka."

"Binti yangu alikuwa anaimba bafuni," Nesi alisema. "Wimbo mmoja tu, na hakuwahi kujua ubeti wa pili. Nilikuwa namgombeza."

Fundi aliacha kukanyaga, akavuta kiti karibu na benchi, akamwambia, "Niimbie, niusikie."