Ghaisha Anyamazisha Zeze

Ubaya wa mtani ni kwamba akikwambia ukweli unacheka. Ghaisha alicheka asubuhi, na ilipofika alasiri mume wake alikuwa anatandika ngamia.

Ilikuwa siku ya harusi ya binti wa dada yake. Ghaisha aliketi mlangoni mwa hema lake, akikaza kwenye zeze ule uzi wa singa za mkia wa farasi, ncha ya shuka la buluu ikiwa imeufunika mdomo. Hakuwahi kuuacha wazi mdomo huo mbele za watu tangu ngamia alipotupa kichwa na kumng'oa meno ya mbele. Nywele nazo zilikuwa zimekwisha kuondoka na homa. Mwanamke aliyekuwa akiimbwa katika mabonde yote ya mlima, ambaye vijana walifunga safari ili waone tu lile pengo lake akicheka, akajikuta anacheka na kuta za hema. Siku ile ile alipong'olewa meno alimwapisha Amumen, mume wake na mshairi wake, kwamba hatamtia tena katika shairi. Hakutaka watu wasikie sifa kisha wageuke wamtazame. Amumen aliapa, na miaka yote hiyo akawa anaimba ngamia, mvua na vita vya wazee.

Sasa alikuwa na shairi jipya la mapenzi. Alimpa Ghaisha mahadhi kwa kumvumia tu, ajifunze kuyapiga, na maneno akayaficha. Hilo peke yake lilitosha kumnyima usingizi. Halafu wanawake wakaja na yao. Walisema Amumen akifika kisimani hujisemea peke yake, nywele hivi, shingo vile, na mara zote Fadimata yupo hapo anateka maji. Fadimata alikuwa ameachana na mumewe mwaka uleule. Shingo anayo, nywele anazo, na pengo la kuzaliwa nalo anacheka nalo hovyo. Ghaisha hakumuuliza mumewe kitu. Kiburi kilimziba mdomo kuliko lile shuka.

Akiwa katika hali hiyo ndipo Ilias, mtoto wa mjomba wake, alipopita kudai chai. Binamu wa namna hiyo kwao ni mtani wa kuzaliwa. Anaruhusiwa kukutukana mpaka koo limkauke na wewe huruhusiwi kununa.

"Leo mumeo anakuimba, binamu," Ilias akasema. "Nimemsikia kisimani kwa masikio yangu. Anakusifu kichwa chako, kilivyo kama cha mbuzi aliyenyonyolewa."

"Kunywa chai yako uende, mwizi wa ngamia wewe."

"Nakwambia kweli. Ni wewe."

Ghaisha alimtupia kiatu na kucheka, kwa sababu ndivyo inavyotakiwa, lakini moyoni aliumia. Aliona hata Ilias anajua, na amekuja kumcheza shere. Alipoondoka, Ghaisha akakata shauri. Kwao hema ni la mke, amekuja nalo siku ya ndoa, na mume akikataliwa huondoka na upanga wake na tandiko la ngamia. Kama Amumen atalitaja jina la Fadimata mbele ya koo zote, basi hatalala tena kwenye mkeka ule.

Alasiri, wapanda ngamia walipomaliza kuizunguka ngoma na vumbi kutulia, watu waliketi kungoja shairi. Amumen alisimama kwa kilemba chake kipya, kitambaa chake cha kufunika uso kimeshuka hadi kidevuni kama mtu aliye na furaha. Alimtazama mke wake, akamwashiria kwa kichwa aanze. Ghaisha akaanza kupiga.

*Nywele zilozidi giza, la usiku wa mawingu,*
*Meno yenye pengo jema, yavunjayo moyo wangu...*

Vijana walipiga ukelele wa kusifu. Ghaisha aliinua macho akamwona Fadimata upande wa pili, anatabasamu, pengo liko wazi, na shoga yake anamfinya paja. Katika mashairi yao jina la mpenzi huja kwenye ubeti wa mwisho. Kila mstari ulikuwa unalisogeza jina lile karibu, na mikono iliyokuwa inalisogeza ilikuwa yake mwenyewe. Alihisi aibu inampanda kutoka miguuni.

*Shingo ya swala bondeni, asikiapo wenzangu...*

Ghaisha akauinua upinde juu ya uzi.

Uwanja mzima ukamgeukia. Mpiga zeze akiinua upinde mshairi angali anaimba, amemfungia mlango. Na mpiga zeze akiwa ni mke, hakuna asiyejua ni mlango upi. Amumen alibaki amesimama na neno mdomoni. Angeweza kusema, lakini mwanamume aliyenyamazishwa hajielezi. Alikipandisha kitambaa mpaka chini ya macho, akageuka, akaenda walikofungwa ngamia.

Mama wa bibi harusi alijifunika uso. Ghaisha alikaa wima na zeze lake mapajani, akingoja lile joto la ushindi. Halikuja.

Aliyekuja ni Ilias. Alichuchumaa mbele yake, na kwa mara ya kwanza tangu utoto wao hakuwa na mzaha usoni.

"Umemkata kabla hajafika," akasema kwa sauti ya chini. "Hizo nywele na meno anavitaja ili aviage. Vinaondoka vyote, kimoja kimoja. Nani mwingine hapa hana meno, Ghaisha? Fadimata?"

"Wewe ni mtani."

"Asubuhi nilikuwa mtani. Sasa namtazama mtu anatandika ngamia."

Ghaisha akamshika mkono wa kanzu. Akamwambia amtajie mistari iliyobaki, upesi. Ilias akamnong'oneza yote aliyoijua. Mstari wa mwisho hakuwa nao. Kila Amumen alipoufikia kule kisimani alikuwa akiushusha mpaka midomo tu ndiyo inacheza. Kwa hiyo hata Ilias jina hakulisikia. Alikuwa anabahatisha, na alikiri hivyo.

Kule pembeni Amumen alikuwa amekwisha kaza mkanda wa tandiko. Ngamia alipiga magoti.

Ghaisha aliyaanza upya mahadhi. Mgongo wa Amumen haukugeuka, na haukutakiwa kugeuka, maana aliyefungiwa mlango harudishwi na zeze tupu. Ilibidi mtu aimbe. Ghaisha alijua hilo kama kila mmoja pale alivyolijua, ndiyo maana wote walikuwa wanamtazama. Mikono yote miwili ilikuwa kwenye zeze. Akatikisa kichwa, ncha ya shuka ikaanguka, na mdomo wake ukawa wazi mbele ya koo zote.

*Nywele ziliaga kwanza, zikafuata mawingu,*
*Meno nayo yakahama, bila ya ruhusa yangu...*

Sauti ilitoka na upepo kati ya fizi. Mtoto mmoja alicheka, akafinywa. Ghaisha aliona macho yakimtembea mdomoni, kitu alichokikimbia miaka yote hiyo, na akaendelea, kwa kuwa mguu wa Amumen ulikuwa tayari juu ya tandiko.

*Msafara umekwenda, nimebaki peke yangu...*

Maneno yakamwishia hapo. Alirudia mahadhi mara moja, akarudia tena, upinde ukienda na kurudi kama mtu anayebisha hodi kwenye hema lisilojibu. Aliogopa. Alikuwa amejivua nguo mbele ya dunia kwa ajili ya mstari asioujua, na jina lililomo ndani yake lilikuwa bado kwenye kinywa cha mtu anayeondoka.

Amumen alisimama hivyo hivyo, mkono kwenye shingo ya ngamia. Kisha akakishusha kitambaa. Aliimba bila kugeuka, na sauti haikuwa nzuri, ilikuwa ya kukwaruza:

*Maji yapo hapa hapa, Ghaisha, kisima changu.*

Wanawake wakapiga vigelegele mpaka ngamia wakashtuka. Ghaisha hakuvisikia vizuri. Alikuwa anamtazama mumewe akifungua tandiko na kuliweka chini, kisha akija kuketi pembeni yake bila haraka, kama mtu aliyekwenda kuangalia mnyama tu.

"Uliniapia," akamwambia.

"Niliapa," Amumen akajibu. "Nikachoka kuimba ngamia."

Ghaisha akacheka. Mkono ulitaka kulifuata shuka, akauacha ubaki kwenye upinde.

Upande wa pili Ilias alikuwa anawaambia vijana kwa sauti ya kusikika kwamba kisima chenyewe kimebomoka ukingo, wakiingia kuteka waangalie mawe. Ghaisha akavua kiatu tena, akamtupia.