Viti Kumi na Moja

…ila mkoba bado uko mapajani, na macho yangu hayatoki hapo, kwa sababu miaka tisa ya kupanga samani kwenye nyumba za watu imenifundisha kwamba mtu akifika kwake kitu cha kwanza kukitua ni mkoba, kabla ya viatu, kabla hata ya salamu, anautupa popote, juu ya meza, sakafuni, wengine juu ya friji, mgeni ndiye anayeukumbatia, na Mama Kumail tangu nimalize kumwonyesha vyumba ameketi ukingoni mwa kochi, nusu ndani nusu nje, mkoba mweusi mapajani na mikono miwili juu yake… atautua tu, mpe dakika, ndio kwanza ameingia, mtu wa miaka sabini na mbili hawezi kutoka Chang'ombe na foleni ya leo mpaka huku Boko halafu ukataka achangamke papo hapo, na nyumba yenyewe mara ya mwisho aliiona ikiwa matofali matupu, mimi naijua nyumba hii, naijua na naiamini, hakuna kona ambayo sikuilalia macho wazi nikiifikiria. Huko nje Kumail anaongea na simu, sauti inaingia dirishani vipande vipande, "…siyo hiyo, braza, nimekwambia ile pampu ya kisima…", pampu gani wakati pampu ilifungwa wiki iliyopita na maji yanatoka mpaka yanamwagika, anajizungusha tu uani kusudi amwache mama yake aione nyumba peke yake, anaogopa kumtazama usoni, na ana haki ya kuogopa, siku ile aliponipa funguo aliniambia wazi, dada Jovina, tangu baba, mzee Husseinali, afariki mama amekuwa kama mtu aliye stendi, dada yangu Sania aliyeko Kanada ameshamkatia tiketi ya kwenda kwake, mie nataka akiingia tu aseme hapa ndio kwangu, asiposema anaondoka, na mie na watoto tutabaki kumwona kwenye simu, akaanza kusafisha miwani ambayo haikuwa na vumbi, na mimi nikamwambia atasema, nilimwambia hivyo hivyo, kwa sauti ile ninayowaambia mafundi wakisema kitu hakiwezekani, atasema, kaka, niachie mimi… na kweli, hebu nani mwingine mjini hapa angefanya nilichofanya, wenzangu wanachukua picha kwenye simu, wanaweka jipsamu darini yenye taa za bluu kama ukumbi wa harusi, zulia la manyoya kwenye joto hili, saa kubwa ukutani isiyosomeka, wanaita kupendezesha nyumba, mimi nyumba naisoma kwanza, natazama viatu vinarundikana mlango gani, rangi ya ukuta imechakazwa na mikono ya nani na kwa urefu gani, kiti kipi kimebonyea, ndiyo maana rafu za jikoni humu zinaishia usawa wa bega la Mama Kumail, nilimpima bega nikimdanganya kwamba namwondolea uzi kwenye kanga, ndiyo maana dirisha lile nililishusha ili akikaa alione geti bila kuinuka, na chumbani kwake nilitafuta kibla kwa simu, nikaona simu haitoshi, nikaenda kumuuliza mzee wa nyumba ya tatu, nikahamisha kabati zima ili akisali asipitiwe mbele, na picha ya marehemu sikuitundika sebuleni katikati ambapo kila mgeni akiingia inabidi apewe pole upya, niliiweka kwenye korido ya kwenda jikoni, ambapo atapita naye asubuhi akienda kuchemsha chai, wao wawili tu, mimi Mhaya wa Kamachumu, Mkristo, nimeyafikiria yote haya, na alipopita pale nilimwona amesimama kidogo, akaigusa fremu kwa kidole, hapo nikajua nimempata, nikajipongeza kimoyomoyo, sasa kilichobaki ni autue tu huo mkoba.

"Hii meza inasogea?" ameuliza, taratibu, kidole kikielekea meza ya saruji ya terazo iliyo katikati, na mimi nimejibu haraka tena kwa fahari, "Haisogei, mama, imemwagiwa hapo hapo sakafuni, watoto hata waipande haiyumbi," akasema, "Aah," akatazama lile kochi la mninga alilokalia, linalozunguka kuta mbili, akalipapasa ubao, "Na hili?" "Hili nalo limefungwa ukutani, mama, fundi wangu Brightson kalipiga boliti, watu wanane wanakaa, ukiongeza na viti vile vitatu ni kumi na moja." "Kumi na moja," akarudia, kisha akatabasamu, tabasamu la adabu, "Nzuri, mwanangu. Nzuri sana"… mteja kasema nzuri sana, ndilo neno ninalolitaka, ndilo ninaloliandika kwenye ukurasa wangu watu walione, kwa nini nimelisikia kama mtu anayeaga… mbona kama nimewahi kulisikia hivi hivi, kwa sauti hii hii ya upole, mtu ameketi ukingoni… Mama. Mama yangu, Genoveva, mwaka juzi alipokuja kutoka Kamachumu kuiona nyumba yangu ya Kawe, nyumba ambayo kila aliyeingia alitoa simu apige picha, nilimpa chumba cha wageni chenye foronya sita, asubuhi nikaenda kumwamkia, shikamoo mama, marahaba, nikaona kitanda kama nilivyokitandika jana yake, hata mkunjo mmoja hakina, nikadhani ameamka mapema akakitandika vizuri kwa mazoea ya kijijini, nikacheka, siku ya pili vile vile, siku ya tatu nikafungua mlango usiku kumpelekea neti nikamkuta amelala juu ya shuka, amejifunika kitenge chake, amejikunja pembeni asiharibu, nikafunga mlango taratibu, nikajiambia wazee bwana… na begi lake lilikaa mlangoni siku zote nne, limefungwa zipu, na mchana nilimkuta mlango wa nyuma, amekaa kwenye ngazi ya saruji anamenya ndizi juu ya mfuko wa plastiki, nikamwambia mama njoo ndani kuna kiti, akasema hapa pananitosha, siku ya nne akaniambia, nyumba yako nzuri sana, mwanangu, akaenda kwa kaka yangu Revelian kule Temeke, vyumba viwili vya kupanga, choo cha kuchangia, akakaa wiki sita, wiki sita, anapiga simu anacheka, na mimi nilinuna, nikasema ni yule mke wa Revelian anamlisha senene kumvuta, nikawasimulia mashoga zangu mpaka tukacheka, na lile nzuri sana nikalibeba miaka miwili kama zawadi, kumbe mama yangu alikuwa anaomba ruhusa ya kuondoka.

"…nikishamaliza nakuja, mpe mama chai," Kumail anasema huko nje, sijui anamwambia nani, hapa hakuna wa kumpa mama chai ila mimi, na siinuki, kwa sababu Mama Kumail sasa midomo inacheza, nilidhani anavuta tasbihi, lakini macho yake hayako mbali kama ya mtu anayesali, macho yanatembea sakafuni, yanafika mahali, yanatua, yanaenda pengine, na sauti ndogo inatoka, "…Farheen hapa… mama yake hapa, na wajukuu… Nusaiba mguu unamuuma, Nusaiba ukutani…" kisha anafika penye meza, anasimama, anarudi mwanzo, anaanza tena, "…Farheen hapa…" anawakalisha watu, Mungu wangu, anawakalisha watu chini, kwenye sakafu yangu, na hawaenei… na siku ile nilipokwenda kwao Chang'ombe, ghorofani juu ya duka lao la vifaa vya ujenzi, mimi na futi yangu mkononi, nilisimama kwenye sebule kubwa kama darasa, sakafu ya saruji nyekundu inang'aa, ukutani hakuna kitu isipokuwa viti vya plastiki vimepandana na magodoro membamba yamekunjwa pembeni, na sanduku la bati, Mama Kumail akalifungua kunionyesha, shuka nyeupe, nyingi, zimepigwa pasi zikalaliana, akaniambia Alhamisi tunakuwaga wengi, mwanangu, kwenye kisomo, na Muharram ndiyo usiseme, na mimi bila kuinua kichwa nikasema usijali, mama, nitakuwekea viti, nitakuwekea viti! akacheka kidogo, akanimiminia chai, nikadhani amefurahi, na kwenye daftari langu nikaandika, mwandiko wangu huu huu ninaojivunia, sebule haijapangwa… ilikuwa imepangwa. Chumba kile kilikuwa kimepangwa kuliko vyote nilivyowahi kupanga mimi, kila kitu ndani yake kilijua kuondoka njiani, magodoro yalijua, viti vilijua, na ile sakafu haikung'arishwa na nta, iling'arishwa na magoti ya wanawake arobaini kila wiki kwa miaka thelathini, wakiomboleza, wakinong'onezana, wakipasiana vikombe vya chai, ule utupu ndio ulikuwa samani yake, na mimi nimeujaza terazo. Msoma nyumba! Nimesoma bega, nimesoma kibla, nimesoma picha ya marehemu, nikashindwa kusoma chumba ambacho mwenyewe alinisomea kwa mdomo wake, na aibu yangu ni mara mbili, kwa sababu nani aliyekulia Kamachumu hajui kukaa chini, Krismasi kwetu tulikuwa tunaamshwa alfajiri kwenda kukata nyasi, tunazitandaza sebuleni, mbichi, zinanukia, na kila mtu aliyeingia anavua viatu anakaa, padri naye, hakuna aliyehesabu viti, nyumba ilikuwa haijai, mtu akija mnasogeleana, nilikuja mjini nikajifunza kuona haya kwa nyasi zile na sikujua kama nimejifunza… hata Brightson aliniuliza, Brightson wa karakana, akiwa na drili mkononi, "Sista, sasa huyu mama akitaka kutandika mkeka itakuwaje?" nikamwambia fanya kazi yako, kuna mazulia, mikeka ya nini.

Haya. Nimelia moyoni, basi, sasa nifikiri kama mtu wa kazi yangu, maana kazi naijua, hilo halijabadilika, boliti za kochi zinafunguka, ni kumi na sita, Brightson anazitoa Jumatatu kabla ya adhuhuri na ubao ule wa mninga haupotei, atatengeneza mabenchi mafupi mepesi ya kuweka barazani, wazee wenye magoti mabovu wakae, meza itabidi ivunjwe kwa nyundo, itaacha kovu kwenye sakafu, liwe, vigae hivi navyo nilivikosea, ni baridi na vinateleza, nitaving'oa chumba kizima nimwage saruji nyekundu, naye fundi ninaye, ukuta wa upande wa korido una kina cha kutosha, nitauchimba kabati refu la kulalia magodoro, na juu yake droo ndefu za shuka nyeupe, zifunguke kwa usawa wake asiiname, na lile dirisha nililolishusha litawapa upepo wakiwa wamekaa chini, walau hapo sikukosea, nakiona chumba chote, nakiona kikiwa kitupu na kinapendeza kupita picha yoyote niliyowahi kubandika, na Kumail atashtuka, atasema dada si tumeshamaliza, nitamwambia hatujaanza, na Pasaka nakwenda Kamachumu, siendi kumuuliza mama kama nyumba yangu aliipenda, namuuliza alikuwa anataka kukaa wapi, nimwache aniambie mpaka amalize… "…haya basi, braza, tutaongea," Kumail bado yuko uani, kivuli chake kinapita dirishani kwenda na kurudi, Mama Kumail bado yuko pale pale ukingoni, amefika tena penye meza, amekwama tena, vidole vyake vimetulia juu ya mkoba, anainua uso kunitazama kwa upole wa mtu ambaye hataki kuniumiza, atasema nzuri sana mara ya pili kisha atapanda ndege, sitamwacha aseme, nimeshavua viatu vyangu, miguu imegusa vigae, ni baridi kweli, na maneno ambayo sijawahi kumwambia mteja yeyote tangu nianze kazi hii yanakuja yenyewe, wala hayaniogopeshi, Mama Kumail, chumba hiki nimekikosea, hebu nionyeshe Nusaiba huwa anakaa wapi.