Mashavu Meupe

Sampuli zikifika maabara kwetu Doha huwa hazina jina la mtu wala hoteli, zina nambari tu. Kile kipande cha samaki nilikipima kama vingine: nikatoa vinasaba, nikasoma kale kasehemu kanakomtofautisha samaki na samaki, kama mashine ya dukani inavyosoma mistari ya bidhaa. Mteja aliandika samaki wa Antaktika, wa bei ya kutisha. Jibu likaja: samaki aina ya changu, huyuhuyu wa bei rahisi wa sokoni Al Wakrah. Nikacheka peke yangu, nikasaini.

Jioni mdogo wangu Makame akanipigia. Yeye ni mtunza stoo hotelini.

"Dada Halima, wananiita mwizi. Wanasema nimeuza samaki wao wa Antaktika, nikaweka changu."

Basi sampuli ile ilikuwa yake. Nikamuuliza: "Umewauza?"

"Nimewatupa. Nilifunua mashavu, meupe pe, hata chembe ya damu hamna. Nikaona hawa wameoza, watu watadhurika. Nikanunua changu kwa pesa yangu, nimsitiri mpishi aliyewaagiza."

Nilikaa chini. Kwetu Pemba mtoto hufundishwa mapema: shavu jekundu nunua, jeupe achana nalo. Nani angemwambia kuwa baadhi ya samaki wa bahari ya barafu wameumbwa bila damu nyekundu? Mimi nilijua, lakini tukikutana huwa tunazungumza ya nyumbani. Hasira zilinijaa, hata sijui nilimkasirikia nani.

Asubuhi nikamwendea mkuu wangu, Abdulrahman, nikamweleza kila kitu kuhusu mashavu. Alinisikiliza vizuri, kisha akapitia maelezo ya hoteli.

"Habari hiyo haimo humu. Umeijuaje?"

Ningeweza kusema nimekisia. Ulimi ukakataa.

"Makame ni ndugu yangu, tumbo moja."

Akasema kipimo atakirudia mtu mwingine, ila utetezi wa dada hawezi kuupeleka hotelini. Tena nimezungumza na mtuhumiwa juu ya sampuli, kwa hiyo nirudishe kitambulisho cha kazi mpaka wakubwa waamue. Wala hakuwa mkali. Angekuwa mkali, walau ningepata wa kumchukia.

Nilimpigia Makame nikiwa nje juani, nalia bila kujificha, nikamwambia nimesimamishwa kazi.

"Umewaambia mimi ni nani wako?" akauliza.

"Nimewaambia."



"Ungenikana, dada," akasema. "Angalau abaki mmoja wetu."